Mtaa Uliobaki Mdomoni mwa Richard Pryor

Zamani, enzi ambazo wasanii wa Marekani walizunguka kwa treni kutoka mji hadi mji, wenye majumba ya maonyesho walikuwa na swali moja la kuuliza kabla ya kutia pesa katika mchezo mpya: Je, Peoria wataupokea? Peoria ni mji wa jimbo la Illinois, kando ya mto wenye jina hilohilo la jimbo. Ulichukuliwa kuwa kipimo cha Mmarekani wa kawaida, mtu asiyecheka ovyo wala kununa bila sababu. Ukimchekesha huyo, umeichekesha nchi nzima. Baadaye wanasiasa wa enzi za Rais Nixon walilirithi swali hilo, wakawa wanapimia sera zao.

Ajabu ni kwamba mchekeshaji anayehesabiwa na wengi kuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kushika kipaza sauti Marekani alizaliwa Peoria penyewe, tarehe 1 Desemba 1940. Ajabu ya pili ni kwamba Peoria ilichukua muda mrefu mno kuamua kama inampokea.

Mimi nilifika huko kwa sababu ya Nairobi. Mwaka 1979 Richard Pryor alikuja Kenya kutembea, na aliporudi kwao alikuwa ameacha kulitumia neno ambalo lilikuwa limemjengea jina. Sisi wa Nairobi tunapoisimulia habari hiyo tunaisimulia kwa majivuno kidogo, kana kwamba tulimfanyia tiba. Lakini aliyetibiwa ana alikotoka, na huwezi kujua kilichombadilisha kwetu bila kujua alikuja amebeba nini. Nilipopata nafasi ya kuwa Chicago, nikaona nisiondoke kabla ya kupaona kwao.

Treni ya abiria haifiki Peoria siku hizi. Watu huenda kwa gari au kwa basi, mwendo wa kama kilomita 265 kuelekea kusini-magharibi. Ukishayaacha majengo marefu ya Chicago, kinachofuata ni mahindi na soya, soya na mahindi, na ardhi iliyolala bapa mpaka jicho linachoka. Karibu na mwisho wa safari barabara inateremka kuelekea mtoni, inapanda daraja la Murray Baker lililofunguliwa mwaka 1958, kisha inakushusha katikati ya mji. Niliuangalia mto ulivyotanuka kama ziwa, nikayaangalia maghala ya matofali mekundu ng'ambo. Sikujua bado kwamba barabara hiyohiyo iliyonileta ndiyo iliyoila sehemu niliyokuja kuitafuta.

Nilianza na sanamu, kwa kuwa sanamu ndiyo ya kwanza kutajwa kwa mgeni. Imesimama katika eneo la maghala ya zamani, karibu na makutano ya mitaa ya State na Washington. Ni ya shaba, imemzidi mtu kimo, kazi ya mchongaji Preston Jackson. Ilizinduliwa mwaka 2015, miaka kumi baada ya Pryor kufa. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake alisimama aliponiona nikipiga picha. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Kenya, akacheka, akasema, "Basi umekuja kumlipa ziara yake." Kisha akaongeza, bila mimi kumwuliza, kwamba hapo mjini walikuwapo watu wasiotaka sanamu ile hata kidogo. Mtu aliyetukana jukwaani, aliyevuta kokeini, aliyeutangazia ulimwengu habari za madanguro ya Peoria, unamwekea shaba ya nini?

Hoja hiyo haikunishangaza. Kila mji una picha ya sebuleni na picha ya uani, na Pryor alikuwa mtoto wa uani.

Peoria ya utoto wake ilikuwa mji wa viwanda na wa pombe. Kampuni ya Caterpillar, ile ya matingatinga ya manjano yanayolima barabara zetu, ilikuwa na makao yake makuu hapo. Viwanda vya wiski vilikuwa vimeutajirisha mji tangu karne ya 19. Wafanyakazi walikuwa na mishahara, na kwa miaka mingi wakubwa wa mji walifumbia macho kamari na ukahaba. Katika mtaa wa North Washington, bibi yake Pryor, Marie Carter, aliendesha madanguro. Mama yake mzazi, Gertrude, alifanya kazi humo. Baba yake, LeRoy, aliyewahi kuwa bondia, naye alikuwa humo. Mama alipoondoka, mtoto akabaki kwa bibi, mwanamke mwenye mwili na sauti, aliyempenda mjukuu wake na kumchapa kwa mkono uleule.

Niliutafuta mtaa huo kwa miguu. Jina la North Washington lipo, lakini majumba hayapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea, mji ulipoamua kujisafisha, barabara kuu ya I-74 ilipitishwa katikati, na eneo lote la starehe na aibu likabomolewa kuipisha. Ukisimama hapo sasa unasikia malori yakinguruma juu ya zege. Hakuna mlango wa kubisha, hakuna dirisha ambalo mtoto angechungulia. Mwandishi wa wasifu wake, Scott Saul, ilimbidi apekue rekodi za mahakama, magazeti na kumbukumbu za wazee ili aujenge upya mtaa huo kwenye karatasi.

Lakini mtaa huo nilikuwa nimeusikia tayari. Niliusikia kwenye albamu zake, nikiwa mbali kabisa na Illinois: mlevi anayeongoza magari njiani kama askari, mhubiri mwenye tamaa, baba mwenye ngumi za bondia, bibi anayemtuma mjukuu akachume mwenyewe fimbo ya kuchapiwa. Pale chini ya barabara kuu ndipo nilipoelewa kazi yake ilikuwa nini hasa. Mji ulibomoa nyumba, yeye akawachukua waliokaa ndani, akazunguka nao dunia nzima.

Walimu wake walimwona mapema. Mmoja, Bi Yingst wa shule ya Blaine-Sumner, alichoshwa na kuchelewa kwake, akamwekea mapatano: ukiwahi shuleni, kila wiki nitakupa dakika kadhaa mbele ya darasa uchekeshe wenzako. Mtoto akaanza kuwahi. Baadaye, alipofika miaka kama kumi na minne, aliingia katika kituo cha jamii cha Carver, mahali pa vijana Weusi wa Peoria. Kituo hicho kingali kinahudumia watoto mpaka leo. Mwalimu wa maigizo alikuwa Juliette Whittaker. Alikuwa akitayarisha mchezo wa hadithi ya Rumpelstiltskin, na kijana huyu mwembamba akaomba nafasi yoyote. Akapewa ya mtumishi. Siku moja aliyeigiza mfalme hakuja, na Pryor, ambaye alikuwa amekariri maneno ya kila mtu, akakaa kwenye kiti cha enzi. Hakurudishwa tena kwenye utumishi.

Jambo hili nalihesabu kuwa muhimu kuliko tuzo zake zote. Wengi humwona Pryor kuwa mchekeshaji aliyekuja kuwa mwigizaji baada ya Hollywood kumwita. Ukweli ni kwamba uigizaji ulitangulia. Alikuwa mtoto aliyejua sehemu ya kila mtu, na hilo ndilo alilolifanya maisha yake yote: jukwaa tupu, kipaza sauti kimoja, na watu ishirini ndani ya mwili mmoja. Mwaka 1974 alipotunukiwa Emmy kwa kushiriki kuandika kipindi maalumu cha Lily Tomlin, alimpa Bi Whittaker sanamu ile ya dhahabu.

Shule haikudumu, alifukuzwa akiwa na miaka hiyohiyo kumi na minne. Mwaka 1958 alijiunga na jeshi, akapelekwa Ujerumani Magharibi. Sehemu kubwa ya muda wake ilipita katika jela ya kijeshi, baada ya ugomvi na askari Mzungu aliyecheka mahali pasipochekesha wakati wa filamu kuhusu ubaguzi wa rangi. Aliporudi Peoria mwaka 1960 alipata kazi katika klabu ya usiku ya Harold's, kwa kudai kwamba anajua kuimba na kupiga piano. Piano yenyewe aliijua vidole viwili vitatu. Aliyeokoa jahazi ni mdomo.

Mwaka 1963 aliona habari za Bill Cosby katika gazeti, akafunga safari kwenda New York. Huko akajifunza jambo la hatari: kwamba unaweza kufaulu kwa kuwa mtu mwingine. Akavaa suti ya Cosby na ucheshi wa Cosby, safi, usiomkera mtu. Mwaka 1965 alikuwa kwenye kipindi cha Ed Sullivan, kilele cha runinga ya Marekani. Pesa zikaja. Peoria ya kwenye msemo, ile ya Mmarekani wa kawaida asiyetaka kukerwa, ilimpokea vizuri kabisa. Peoria ya bibi yake haikuwamo katika maonyesho hayo hata kwa sentensi moja.

Septemba 1967, katika hoteli ya Aladdin huko Las Vegas, alipanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa, akawatazama watazamaji, akajiuliza kwa sauti anafanya nini hapo, akashuka. Watu wa biashara waliona wazimu. Mimi naona mtu aliyechoka kutangulia mbele ya watu huku ameiacha familia yake nje ya mlango. Miaka michache baadaye akajificha Berkeley, California, akisoma Malcolm X, akikaa na waandishi kama Ishmael Reed, akijaribu kwenye vilabu vidogo lugha ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya Wazungu. Wale watu wa North Washington wakaanza kuingia mmoja mmoja. Akaja na Mudbone, mzee wa Mississippi mwenye uongo mtamu na ukweli mchungu, anayezungumza kama anayetafuna maneno kabla ya kuyatema.

Mwaka 1974 albamu yake ya tatu ilitoka, na jina lake lilibeba lile tusi ambalo Wazungu waliwaita nalo watu Weusi kwa karne nyingi. Ikashinda Grammy. Alikuja kushinda Grammy tano za albamu bora ya vichekesho. Mwaka huohuo ilitoka Blazing Saddles, filamu ya Mel Brooks ambayo Pryor alishiriki kuiandika. Alitakiwa pia kuigiza sherifu Mweusi, studio ikamwogopa, nafasi ikaenda kwa Cleavon Little. Hollywood ilitaka kalamu yake na kuogopa sura yake, ikachelewa kidogo tu kugundua kwamba sura ndiyo yenye pesa. Katika Silver Streak ya 1976 na Stir Crazy ya 1980 aliungana na Gene Wilder. Ile ya pili, chini ya uongozi wa Sidney Poitier, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 1983 alilipwa dola milioni 4 kwa Superman III, zaidi ya Superman mwenyewe.

Filamu ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni Blue Collar ya 1978, ambamo ni mfanyakazi wa kiwanda cha magari huko Detroit anayeibiwa na chama chake cha wafanyakazi kilekile kilichoapa kumtetea. Hapo hakuna utani wa kujificha nyuma yake. Nilipokuwa nikitembea Peoria, kati ya maghala na majengo ya kampuni kubwa, nilimwona yule mtu kila pembe: mwenye deni la kodi, mwenye watoto, mwenye ulimi unaokimbia mbele ya mshahara.

Jioni nikaangalia tena, kwenye kompyuta chumbani, onyesho lake la Long Beach, lililopigwa picha Desemba 1978 na kutoka mwaka uliofuata kwa jina Live in Concert. Ni mtu mmoja na shati jekundu. Anakuwa farasi, anakuwa mbwa wa jirani, anakuwa kulungu aliyesikia kijiti kikivunjika. Kisha anafika kwenye shambulio la moyo. Mwaka 1977, akiwa Peoria kumtembelea bibi, moyo wake ulimshambulia kweli. Jukwaani anaupa moyo huo sauti: unamsuta, unamkaba, unamlaza chini huku akiomba msamaha. Huku nje ya dirisha langu kulikuwa na mji ambao jambo hilo lilitokea. Nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya kwa majirani wa chumba cha pili.

Marie Carter alikufa mwishoni mwa 1978. Pryor alizama katika majonzi na kokeini. Ni baada ya hapo ndipo alipokuja kwetu.

Alisimulia mwenyewe baadaye, katika onyesho lake la Live on the Sunset Strip la mwaka 1982 na katika kitabu chake cha maisha. Alikaa wiki kadhaa, akaona wanyama kama mtalii mwingine yeyote. Kilichomshika hakikuwa simba. Alikuwa ameketi katika ukumbi wa hoteli Nairobi, akitazama watu wakipita: wapokeaji wageni, wafanyabiashara, wahudumu, wanawake waliovaa vizuri, wazee, watoto. Wote Weusi, kila mmoja na shughuli zake. Akajiuliza anawaonaje, akagundua kwamba lile neno, lile tusi la kwenye jina la albamu, halikumjia kinywani tangu afike, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumvika. Akaapa kutolisema tena.

Niliyaangalia maelezo hayo upya nikiwa Peoria, na yakanijia tofauti na tunavyoyasimulia nyumbani. Tunapenda kusema Afrika ilimfundisha heshima. Lakini Kenya ya 1979, Moi ndiyo kwanza ameingia Ikulu, haikuwa nchi ya watu wasiotukanana. Tuna maneno yetu ya kuvikana, ya kabila, ya mtaa, ya umaskini, na wachekeshaji wetu si haba wamepata mkate kwa kuiga lafudhi ya jirani ili ukumbi ucheke. Mgeni wa wiki tatu asingeyasikia. Kilichompata Pryor, nadhani, ni kwamba kwa mara ya kwanza alikaa mahali ambapo hakuwa na haja ya kumjibu mtu. Neno lile alikuwa akilishika kama mtu anayemnyang'anya mwizi panga: halikuwa lake, lakini akiliachia litamrudia. Nairobi hapakuwa na mwizi huyo, ingawa wezi wa aina nyingine tulikuwa nao.

Na kuliacha hakukuwafukuza watu wake. Hilo ndilo lililonishangaza nilipoziangalia kazi zake kwa mpangilio. Mudbone yumo katika onyesho la 1982. Bibi yumo katika kazi zake za baadaye. Neno lilitoka, mtaa ukabaki. Aliyeshika wahusika wake kwa nguvu ya tusi tu asingeweza kufanya hivyo. Tusi likiondoka, mhusika angeanguka. Wake walisimama kwa sababu aliwaiga kwa kuwajua na kuwapenda, hata waliomchapa.

Kuapa Nairobi hakukumwokoa na mengine. Tarehe 9 Juni 1980, akiwa amezidiwa na kokeini nyumbani kwake California, alijimwagia pombe kali ya rum, akajiwasha moto. Akakimbia barabarani akiwaka. Nusu ya mwili iliungua. Mwanzoni ilisemwa ni ajali, na miaka ilipita kabla hajasema wazi kwamba alikusudia. Hata moto huo aliupandisha jukwaani, akauchekea mbele ya watu kabla ya wao kumcheka.

Mwaka 1985 alirudi Peoria na kamera. Alikuwa akiongoza filamu yake mwenyewe, Jo Jo Dancer, Your Life Is Calling, iliyotoka mwaka 1986: mchekeshaji aliyeungua analala hospitalini, roho yake inarudi utotoni, kwenye danguro la bibi. Sehemu za utotoni zilipigwa picha mjini humo. Filamu ina makosa yake, na wakosoaji hawakuionea haya. Lakini fikiria kazi yenyewe: mtu anarudi kwao kujenga upya, kwa mbao na taa za sinema, nyumba ambayo serikali ilishaifanya barabara.

Mwaka huohuo wa 1986 aligunduliwa kuwa na sklerosisi, ugonjwa unaokula utando wa mishipa ya fahamu. Mwili uliowahi kuwa farasi na kulungu ukaanza kumkatalia. Mwaka 1995 aliigiza mgonjwa wa sklerosisi katika mfululizo wa runinga wa Chicago Hope, akiwa mgonjwa kweli, na akateuliwa kuwania Emmy. Mwaka 1998 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Mark Twain ya ucheshi wa Marekani. Alifariki Los Angeles tarehe 10 Desemba 2005, akiwa na miaka 65.

Waliomfuata wanajulikana: Eddie Murphy, Chris Rock, Dave Chappelle, kila mmoja amesema wazi deni lake. Wengi waliomwiga, huko na hata huku kwetu, walichukua matusi kwa sababu matusi ni rahisi kubeba. Kigumu kubeba ni bibi, na baba, na mlevi wa kona, bila kuwauza.

Atakayetaka kwenda, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kupanda basi Chicago, mtazame kwanza kwenye Live in Concert, maana bila hiyo utaona shaba na zege tu. Ukifika, anzia kwenye sanamu, kisha tembea kuelekea North Washington mpaka barabara kuu iwe juu ya kichwa chako. Pitia na Carver, uone watoto wanaoendelea kujifunza maigizo na mengine. Na ukikutana na mwenyeji anayelalamika kwamba Pryor aliuaibisha mji, mwulize majina ya watu watatu waliokuwa na nyumba safi Peoria mwaka 1945. Atafikiri sana. Kisha mwulize aliyekuwa na danguro.